Vitu Kumi na Vinne vya Mangi

Juzi imefika barua ya mjomba kutoka Ujerumani, alikopelekwa na serikali kusomea ufundi wa mitambo. Kwa kawaida mjomba haandiki zaidi ya ukurasa mmoja, na nusu yake huwa analalamikia baridi. Safari hii kajaza kurasa tatu. Anasema aliingia jumba la makumbusho kukwepa mvua tu, akakuta nyuma ya kioo fimbo fupi nyeusi, kichwa kimechongwa kama ngumi, shingoni imezungushiwa waya wa shaba. Chini yake pameandikwa: fimbo, Afrika ya Mashariki. Basi.

"Moyo unaniambia ni ya kwetu," kaandika. "Wewe ndiye uliyeandika orodha ya Bibi. Fimbo hii imo? Nikiwa na maneno ya Bibi mkononi, nitarudi kuwauliza wenyewe."

Nimeisoma mara nne, na sikuijibu upesi. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa mdogo tulikaa Mchafukoge, vyumba viwili uani, jikoni tunachangia na jirani, mama wa Kiarabu aliyekuwa na duka la bizari. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Kilimanjaro babu alipofariki, na alikuja na Jumamosi zake. Kila Jumamosi lazima mtori, supu nzito ya ndizi. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, lakini ndizi Kariakoo hazikukosekana, na Bibi alizichagua mwenyewe, akizibinya moja moja mpaka muuzaji anakasirika. "Bibi, unanunua au unazipima homa?" Bibi anabinya tu.

Sufuria yetu ilikula ndizi kumi na nne. Ndizi kumi na nne kwa sababu Wajerumani walipopiga vita kule kwetu na kuingia kwa Mangi, mfalme wetu, walibeba vitu kumi na vinne. Baba yake Bibi ndiye aliyekuwa mtunza vitu vile. Vita ilipopita hakuwa na cha kutunza tena isipokuwa majina yake, akamkaririsha binti yake wakimenya ndizi. Kila ndizi na kitu chake. Na Bibi akaja kufanya vilevile uani kwetu, mikono kaipaka mafuta utomvu usimgande, anamenya, anasema taratibu. Mkuki mpana wa Mangi. Ngao. Joho la ngozi za pimbi. Bangili ya pembe ya ndovu, ile ya juu ya kiwiko. Pembe ya kuitia vita. Nilijua harufu ya ndizi mbichi na utomvu kabla sijajua kuandika.

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu akatufundisha kwamba wafalme walikuwa wanyonyaji. Nikarudi mbio kumwambia Bibi, nikijua nimemkamata.

"Mwalimu wako kasema kweli," akasema, kisu hakisimami. "Mangi alimla baba yangu ng'ombe wawili, wa maziwa. Lakini ile bangili haikuwa yake. Ilikuwa yetu, yeye kavaa tu."

Halafu akanitazama. "Wewe unajua kuandika. Kalete daftari."

Bibi hakujua hata herufi moja. Mimi ningeandika, vitu vingeingia kitabuni, visingepotea tena hata yeye akifa. Alivaa kitenge kipya kwa ajili hiyo, unaweza kuamini? Akaketi kwenye kigoda, akaanza, na kila jina akinisubiri. Bibi alisema polepole, na kila kitu alikieleza: nani alikichonga, kilikaa wapi, kilitolewa siku gani. Na mlangoni wenzangu wanapiga kelele, timu ya rede imepungua mtu mmoja.

"Njoo basi! Au bibi yako ndo kakuajiri?"

Mpaka cha tisa niliandika vizuri, kata ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi. Kuanzia cha kumi Bibi alisema, mimi nikaandika majina ya wenzangu, ili mkono uonekane unatembea. Majina matano. La mwisho langu mwenyewe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

Akalichukua daftari kwa mikono miwili, akalifunga kwenye kanga, akaliweka chini ya mto. Jumamosi iliyofuata akamenya ndizi kimya. Mama akamuuliza, Bibi vipi leo, unaumwa? "Vimeshaandikwa," akasema. "Baba yangu sasa apumzike, na mimi nipumzike." Hakuvisema tena. Mimi nilifurahi, mtori ukawa unaiva mapema.

Ikapita miaka miwili na kitu, kikaja kisomo cha watu wazima. Bibi akajiandikisha, na mama wa Kiarabu naye, aliyekuwa akisoma Kurani vizuri ila hizi herufi zetu hazijui.

"Shoga, na sare tutashona?" akamtania Bibi.

"Wewe shona. Mimi nina kitu changu cha kusoma."

Miezi ikaenda. Jumamosi moja Bibi akatoa daftari, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Mama wa Kiarabu anasikiliza, mimi natwanga karanga. M-ku-ki. Alivyocheka! Akaenda hivyo hivyo, kimoja kimoja, mpaka kata ya mbege. Mchi ukanishinda kuinua.

"Kumi," akasoma. "Mwa... ju... ma."

Akarudia. Akasogeza kidole. "Zu-hu-ra." Mama wa Kiarabu akataka kucheka, akamwona uso, akaacha. Bibi aliyasoma yote matano, hata langu. Hakunipiga. Bora angenipiga. Aliniambia tu, "Lete kalamu, mama."

Alikaa na kalamu ile mpaka mchana. Akamenya ndizi tena, akasema tena tangu mwanzo, apate kasi ya kuvuka tisa. Cha kumi kikaja, cha kumi na moja kikaja, cha kumi na mbili kikaja kwa taabu. Akaviandika mwenyewe juu ya majina ya wenzangu, herufi kubwa zimelala upande. Ndizi mbili akabaki nazo mkononi. Wiki baada ya wiki alijaribu, nami nikimenya naye, bila haraka tena. Viwili vile havikuja. Alikufa nikiwa kidato cha pili.

Nyumba ile sasa ni stoo, na jikoni nimeambiwa pamejengwa choo. Daftari ninalo. Fimbo haimo katika vile kumi na viwili. Juzi usiku niliandika mstari kabisa: cha kumi na tatu, fimbo nyeusi, waya wa shaba shingoni. Ulikaa vizuri. Mjomba angeamini, Wajerumani labda wangeamini. Nikaichana karatasi.

Leo asubuhi nimemwandikia upya. Nimenakili vyote kumi na viwili kama Bibi alivyovisema. Halafu nikaandika: "Mjomba, viwili sivijui. Bibi alinitajia na kunieleza vyote, nimekaa hatua moja kutoka kwake, na sikusikiliza. Waulize hivyo hivyo."