Kinyozi Asiyechoma Watu

Wanaume wa mtaa wetu wakishanyolewa ndevu hawaangalii kioo kwanza. Wanangoja kuungua. Kinyozi asipowamiminia spiriti wakakunja uso kama waliotafuna ndimu, wanaona wamedhulumiwa. "Haijakolea," husema. Neno hilo nimelichukia kuliko matusi.

Binti yangu ni kinyozi, na kwake haikolei. Kazi alifundishwa na baba yake, marehemu mume wangu, ndani ya chumba kile kile chenye viti viwili na beseni moja. Mimi nilifundisha darasani miaka thelathini na mmoja, na nilitaka awe daktari. Siku aliposhika wembe nilinuna wiki mbili. Nasema wazi kwamba niliona aibu. Kisha nilikwenda kumtazama akifanya kazi, na aibu ikanitoka.

Mtu mwenye ngozi nyepesi akikaa kitini, humwosha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Humfunika taulo lenye joto dakika tano kamili ili nywele zilainike. Mteja akitaka kuinuka, humwambia, "Subiri kidogo," na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Subiri. Hupaka matone mawili ya mafuta, kisha povu zito kwa brashi. Kabla ya wembe hupitisha vidole shavuni kutafuta nywele zimelalia upande gani, maana anayenyoa kinyume chake huzikata chini ya ngozi, na zikiota zinajipinda ndani na kuwa vipele. Wembe ni mpya kwa kila mtu, naye anaufungua mbele yake. Hakandamizi. Mwisho ni maji baridi, taulo baridi, kukausha kwa kugusagusa bila kusugua, na mafuta kidogo yasiyonukia. Spiriti dukani ipo, lakini ni ya kusafishia vifaa.

"We Subiri, mbona haichomi? Una hakika umeninyoa?"

"Kaka, ulikuja kunyolewa au kubanikwa?"

Wenye ngozi ngumu hucheka na kwenda kwingine. Wenye ngozi nyepesi hurudi. Mmoja wao alikuwa Bwana Afya, yule afisa anayekagua maduka na mwenye uwezo wa kuyafunga. Mara ya kwanza alikuja shingo yake ikiwa kama ganda la fenesi. Baada ya miezi minne ilikuwa laini, na kila Jumanne alikuwa wa kwanza kitini.

Sasa nimtaje shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alihamia dukani baada ya msiba. Hanyoi. Anakaa. Anapokea salamu kwenye benchi, na kumwambia kila anayeingia kwamba duka lisilo na mwanamume halina heshima. Alipochoka kusikia wateja wakisema haijakolea, aliamua kusaidia. "Mwanamume habembelezwi kama kitoto," alizoea kusema. "Anachomwa!"

Jumanne moja binti yangu alirudi nyumbani kabla ya saa sita, kapu la taulo mkononi, uso umemshuka.

"Kuna nini?"

"Bwana Afya ameungua. Uso wote umevimba. Anasema wembe wangu ni mchafu, kesho anakuja kufunga duka."

"Ameunguzwa na nini?"

"Sijui, mama."

Mwanangu hajapata kusema hajui jambo la kazi yake. Mataulo ya duka huyafua mimi. Nilifunua kapu, harufu ya spiriti ikanipanda puani hadi machozi yakanitoka. Nilimwekea taulo lile mbele yake, nikauliza tena.

Ndipo aliposema. Alikuwa amemaliza kunyoa, amemfunika Bwana Afya taulo baridi macho na yote, akaenda uani kuongeza maji. Aliporudi, mtu alikuwa anapiga mayowe chini ya taulo, na baba yake mdogo anasokomeza chupa mfukoni. Mteja hakuona ni mkono wa nani.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Ni baba mdogo, mama. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenilea kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje."

Nililikunja taulo bila kulifua, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa nguvu hadi ukapasuka, nikatafuta mwingine.

Jioni shemeji alikuja, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, jambo hili dogo. Mtoto aombe radhi tu. Aseme wembe uliteleza, au haukuwa safi, basi. Msichana akikosea, watu wanasamehe."

"Na chupa?"

"Chupa gani?"

"Iliyo mfukoni mwako."

Alipapasa mfuko. "Mimi nilitaka kazi ikolee. Lakini nikitajwa mimi, umetajwa ukoo mzima. Wewe mwanamke msomi, unalijua hilo."

Alijua pa kunishika. Miaka yote mimi ndiye niliyefunika. Alipofukuzwa kazi tulisema amepumzika. Alipomtukana jirani, nilikwenda mimi kuomba radhi. Kila mara niliita hiyo kulinda jina letu, na yeye alinenepa ndani ya ulinzi huo. Sasa alitaka jina lisafishwe kwa mikono ya mwanangu, mikono isiyopata kumkata mtu hata chunusi.

Asubuhi nilifika dukani kabla ya wote. Bwana Afya aliingia na karatasi yake, mashavu mekundu, ngozi inabambuka kandokando ya kidevu. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi, na shemeji katikati yao.

Binti yangu alifungua mdomo. "Bwana Afya, naomba radhi, wembe..."

"Nyamaza!" nilisema. Sijapata kumfokea hivyo mbele za watu. Nilifungua mfuko, nikampa Bwana Afya taulo. "Hili ndilo ulilofunikwa jana. Nusa."

Alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Spiriti! Binti huyu hatumii spiriti usoni."

"Hatumii. Aliyeimwaga ni huyu hapa."

Benchi likawa na nafasi ghafla. Waliokuwa karibu na shemeji walisogea.

"Shemeji! Unanivua nguo mbele za watu?"

"Umejivua mwenyewe. Mimi nimeshika taulo tu."

"Nilikuwa namsaidia mtoto!"

"Kumsaidia kwa uso wangu?" aliuliza Bwana Afya.

Mmoja wa wateja alisema, "Leo imekolea," na wengine wakajiuma midomo. Mimi sikucheka.

Binti yangu alikuwa ameshamkalisha Bwana Afya kitini. Alimwekea kitambaa cha maji baridi, akamwambia asiguse wembe mpaka ngozi ipone kabisa, asipake chochote chenye manukato, na malengelenge yakitokea aende zahanati. Bwana Afya alisikiliza kama mwanafunzi. Kisha akaninyooshea karatasi.

"Mama, maneno hayanitoshi. Ofisini wanajua nimekuja kufunga. Nisipofunga, lazima niwe na maelezo yaliyoandikwa, nani alifanya nini. Kwa jina."

Shemeji alisimama. Sauti yake ililainika. "Shemeji, andika 'mtu mmoja.' Andika 'ndugu.' Jina la kaka yangu hilo, usiliweke kwenye faili la serikali."

Binti yangu alinitazama.

Niliomba kalamu. Niliandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, ambao hata asiyevaa miwani anausoma. Nilieleza taulo, chupa na mkono uliomimina. Nikaandika jina lake, la baba yake, na la ukoo. Chini nikatia sahihi yangu, na jina la ukoo ni lile lile.