Damu ya Pili ya Nyamizi

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara wa hospitali yetu ya Tabora, tuliyemwita Bwana Maabara, alinikabidhi kichupa cha damu akaniambia nikae nikitazame tu. Damu ikaganda, ikajikunyata, juu yake pakabaki maji ya rangi ya samli.

"Hiyo ni seramu," alisema. "Humo, binti, mwili huweka habari za maradhi uliyopigana nayo."

Nilikuwa mtoto wa fundi cherahani, msichana wa mjini. Sikumwamini.

Miaka ya vijiji vya Ujamaa, nikiwa tayari mpimaji, ilizuka homa upande wa Usinge. Viungo viliwauma watu kama vimevunjwa, na kwenye darubini hatukuona malaria. Daktari wa virusi aliyetumwa kutoka Dar es Salaam alishuku kidingapopo, yaani homa ya dengu. Kuithibitisha kulihitaji damu mbili za mtu yuleyule: ya siku za homa, na ya wiki mbili baadaye. Kingamwili, ile kinga ambayo mwili hujitengenezea, zikiwa zimepanda sana katika ya pili, basi ugonjwa ni wa juzi. Damu moja yaweza kusimulia ugonjwa wa zamani.

Nilipanda treni kuifuata damu ya pili ya Nyamizi, mkulima wa tumbaku. Nilimkuta amepona, lakini kijiji kimechafuka. Jirani yake, Bibi Kalunde, mjane asiye na mtoto, alituhumiwa kuwaroga wagonjwa. Alikuwa amepewa mpaka Jumapili ahame.

"Shikamoo, Bibi," nilimwamkia.

"Marahaba. Nitoe damu na mimi, ionekane nina nini."

"Mtoe, dada," alisema Nyamizi kwa ukali. "Nami nitakuja mjini nione kwa macho yangu."

Akaja kweli. Daktari alizimua seramu hatua kwa hatua katika sahani ya vishimo, akatia virusi vilivyouawa, kisha akatonesha chembe nyekundu za damu ya bata bukini tuliyempata misheni. Virusi visipozuiwa, hushikamanisha chembe zikatanda kama mkeka. Kingamwili zikivizuia, chembe hutelemka zikawa kitufe.

Safu ya kwanza, damu ya homa ya Nyamizi: mikeka mitupu. Safu ya pili, damu yake ya baadaye: kitufe, kitufe, kitufe. Mwanamke huyu aliyesimama kando yangu na kanga yake begani alikuwa amejitengenezea kinga hiyo yote bila kujua. Safu ya tatu, ya Bibi Kalunde, ilikuwa vitufe mpaka shimo la mwisho.

"Kwa damu moja siapi," alisema Bwana Maabara, "lakini kiwango hiki ni kikubwa mno. Nadhani naye ameugua, tena karibuni."

Nyamizi aliinamia safu ile ya tatu. "Mimi niliuguzwa na ukoo mzima," alisema. "Yeye nani alimpa maji?"

Jumapili Nyamizi alisimama mkutanoni kijijini akauliza ni mchawi gani anayejiroga. Wengine waliguna, lakini mjane hakuhama, na mapipa ya maji yaliyozalisha mbu waenezao homa hiyo yakafunikwa.

Miaka yangu ya mwisho kazini kipimo kilikuwa kijikaratasi chenye mistari, majibu yakitoka kabla chai haijapoa. Vijana walikuwa wakikitupa bila kukitazama mara ya pili. Mimi nilikuwa nikikiokota na kukitazama.

Mwaka niliostaafu nilipita Usinge. Nyamizi alinipeleka kwenye kaburi la Bibi Kalunde, katikati ya makaburi ya ukoo wake mwenyewe.

"Tulimzika kwetu," alisema.