Saa Nane za Ndege

Dada yangu alipopata nafasi ya kusomea unesi London, mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka kwetu Bwera hadi Kasese. Niliifanya shingo upande, nikarudi na homa. Lakini atlasi ilikuwa yangu, kwa hiyo mama akaniita.

"Wewe mwenye kusoma. Huko mutoto anaenda, ni mbali namna gani?"

Nikachukua uzi wa cherehani, nikaulaza juu ya ramani kutoka Entebbe, juu ya Sudan, juu ya jangwa na bahari. Nikagawanya maili kwa mwendo wa ndege niliousikia redioni. Bwera hadi Kasese uzi ulikataa hata kunyooka, ingawa lori la pamba lililompeleka dada kwenye treni lilikaa njiani, Muhokya, kutwa likingoja tairi.

"Ndege inachukua saa nane," nikatangaza, kama vile kiwanja cha ndege ni changu.

Kwetu, msafiri akiondoka hufagii uani mpaka afike. Ukifagia unafuta njia yake. Tangu lori liondoke, uani kulijaa majani ya migomba, maganda ya mihogo na mavi ya mbuzi.

Siku ya ndege, iliyopaswa kuruka saa tano asubuhi, sikuweza kutulia. Mimi, bingwa wa kukaa! Nikaingia, nikatoka, nikatazama mawingu ya mlimani, nikafungua atlasi, nikaifunga. Mwishowe mkeka ukanishinda. Nikaamshwa na ufagio.

"Mama! Unafanya nini?"

"Redio imesema saa nane. Amefika." Alikuwa akicheka peke yake. Uani kuling'aa; takataka zote zilikuwa shimoni.

"Nilisema saa nane za kuhesabu, mama! Tangu saa tano! Sasa hivi yuko juu ya Sudan!"

Jirani yetu askari polisi, aliyekuwa akinyoa ndevu uani kwake, akaangua kicheko. "Profesa ya uzi! Umeshusha musichana katikati ya jangwa!"

Mama hakucheka. Akachukua karai, akaenda shimoni, akarudi nalo limejaa, akaanza kurudisha takataka, konzi kwa konzi.

"Hapa palikuwa na maganda."

"Hapana, mama, hapo palikuwa na mavi."

Askari akafuta povu, akavuka ua. "Mbuzi ilipita huku, mama," akasema kwa upole, akainama pamoja nasi.

Giza lilipoingia mama akauliza, "Sasa?"

"Bado kidogo."

"Kidogo ya nini?"

"Upepo," nikasema. Sikujua lolote kuhusu upepo.

Usiku hakufagiwi, basi tukalala na uchafu wetu. Yaani mama alilala. Mimi nilipima tena na tena, na kila mara uzi uliishia mahali pengine.

Asubuhi akanikabidhi ufagio. "Wewe ndiye ulipima. Fagia."

"Mimi?"

"Una hakika, ama huna?"

"Nina hakika," nikasema, nikaenda kwanza kunywa maji. Kisha nikafagia uani kote, isipokuwa kile kipande cha kutoka mlangoni hadi barabarani. Hicho nilikiacha, nikamwambia mama kwamba mgongo unaniuma.