Ufagio wa Akoru

Mimi Nekesa nimeuza chai hapa mtaani Kanamkemer mpaka kwetu Bungoma wamenisahau, na mambo ya mizimu sijawahi kuyapa sikio. Sasa sikilizeni ya jirani yangu Akoru, mtengeneza mifagio, halafu mnicheke mkiweza.

Hoteli moja mjini ilipanda nyasi za urembo zenye mikia mirefu myeupe. Akoru akaomba ile mikia, akafunga mifagio laini ajabu. Mtaa mzima ulinunua, hata mimi. Na kila alipokwenda nyumbani kwao Kataboi, alilifagia kaburi la mama yake kwa ufagio wa mikia ileile, kisha akaweka tumbaku juu yake, kama ilivyo desturi yao.

Kukaja kamvua kadogo, kakaisha. Jua likakausha kila kitu, lakini mlangoni kwangu kukabaki shina bichi la nyasi. Nikazunguka mtaani. Kila nyumba yenye ufagio wa Akoru ilikuwa na shina lake kizingitini, mikia inatikisika, na upepo hakuna. Niliogopa, sifichi.

Tukamwita Daniella, afisa wa kilimo. Alipitisha kidole kwenye jani jembamba, likamkwaruza. Akapuliza mkia, mbegu zikaruka.

"Ni zile za hoteli," akasema. "Mbuzi hawazitaki, na zitameza malisho. Msichome, moto unazipa nguvu. Kateni mikia kwanza, mfunge kwenye gunia, halafu mchimbe na mizizi yote."

Za milangoni tulizimaliza. Akoru akaniuliza, "Na kwa mama?" Mchuma janga hula na wa kwao, lakini siku hiyo sikuwa na moyo wa kumwambia.

Kule Kataboi, kaburi tulilikuta limefunikwa na nyasi, jeupe kama kichwa cha bibi kizee. Kaka yake, Emanikor, alisimama mbali na mbuzi wake. Hata mbuzi hawakuzisogelea.

"Kaburi la mama halichimbwi," alisema.

"Nikiliacha, hao mbuzi watakula nini?" Akoru akamuuliza.

Emanikor akatupa kisogo, akaenda zake.

Akoru alikata mikia, akaifunga kwenye gunia. Jembe alilikataa, akachimba kwa mikono. Mashina yote yalitoka, isipokuwa la katikati. Alivuta, nami nikamshika kiuno tukavuta pamoja. Mzizi ukatuvuta. Semeni mtakavyo, ulituvuta, na mkono wa Akoru ukazama mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilitaka kukimbia.

Yeye akalaza shavu lake mchangani. "Mama, ni mimi niliyezileta," akasema polepole. "Niachie."

Mzizi ukaja wenyewe. Ndani yake kulikuwa na tumbaku, kavu, imefungwa vizuri kwa vijizizi, kama ya mtu aliyekuwa akijiwekea akiba.

Emanikor alikuwa amerudi bila sisi kumsikia. Akatoa tumbaku yake, akaiweka pale.

"Mama alikuwa anaipokea," akasema.

 Akoru alikuwa akisawazisha mchanga kwa kiganja, na mpaka leo yeye halifagii kaburi lile kwa kitu kingine.