Jibini ya Moshi ya Bibi Minza

Kiangazi cha mwaka 1974, baba yangu Jilala aliswaga ng'ombe wote kutoka Kishapu kwenda kutafuta malisho upande wa Geita. Nyumbani hakikubaki hata kikombe cha maziwa. Mama yake, Bibi Minza, hakuwa na jino hata moja, na tangu utoto wake hakujua ugali bila maziwa. Akagoma kula. Mimi ningemwacha njaa imfundishe adabu, lakini mama yangu, Philomena, hakuwa na roho kama yangu. Alimpenda mkwewe, na kila jioni alimwona anavyozidi kukonda. Aliogopa atakufa kabla ng'ombe hawajarudi.

Mama alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni. Sista Eufrasia, mwenyeji wa Bukombe, alikuwa fundi wa jibini, na ghalani kwake zilikuwako aina tatu. Siku moja mama akaomba kipande cha kila aina, akazionja njiani, maana mkwe halishwi usichokijua. Ile laini iliyeyuka mdomoni na chumvi yake kidogo. Ile ngumu aliitafuna polepole hadi akajikuta ameipita njia ya nyumbani. Ile yenye ukungu ilimtoa machozi, lakini akamega tena.

Nyumbani, Bibi hakupendezwa na hata moja. Ile laini aliiita chokaa. Kwa ile ngumu alimwonyesha mama ufizi wake. Ya ukungu aliinusa tu, akaisukuma mbali.

"Mama Serafina, nimekukosea nini, kweli gete?" akamwuliza mama.

Mama alilia, nami nilikasirika kwa niaba yake. Chanda chema huvikwa pete, chake kilikuwa kinang'atwa!

Asubuhi, akisafisha kibuyu kitupu cha maziwa, mama akasikia harufu ya moshi. Kwetu kibuyu hufukizwa kwa vijiti vinavyowaka kabla ya kutiwa maziwa. Kwa Bibi, maziwa yasiyo na moshi yalikuwa kama hayajaoshwa. Basi mama akakifukiza kibuyu, akaitia ile jibini laini vipande vipande, akakiziba mpaka kesho yake. Sista Eufrasia, ambaye hakutaka moshi ukaribie ghala lake, angezimia.

"Mayu, mama yangu, onja," mama akamwambia mkwewe.

Bibi alionja, akafumba macho. Akaongeza kipande cha pili, kisha akauliza ugali uko wapi. Tangu siku hiyo alikula, na kila juma mama alirudi na jibini ya kufukiza.

Mvua iliponyesha baba akarudi na ng'ombe. Alimpelekea mama yake kibuyu cha maziwa ya kwanza, akasimama karibu, akingoja zamu yake, kama ilivyo desturi mume kunywa kabla ya mke. Bibi alikunywa mafunda mawili, akajifuta mdomo.

"Ni matamu," akasema. "Ila ng'ombe wako walikwenda zao. Aliyebaki na mimi ni huyu."

Akamkabidhi mama kibuyu, anywe kabla ya mumewe.