Mzee Yule Hakuliacha Shauri Lake

Majuzi niliketi katika ukumbi mmoja hapa mjini nikawasikiliza watu wenye elimu wakijadili kama neno "mshenzi" likomeshwe katika vinywa vya watu wenye adabu, au liachwe kama lilivyo. Mjadala uliitishwa kwa sababu msimamizi mmoja wa kazi alikuwa amemwita hivyo kibarua wake mbele ya wenziwe, na ugomvi ukatokea. Kijana mmoja aliyevaa tai alisimama akasema kwamba wazee wetu waliitwa hivyo tangu enzi za Mjerumani na wala hawakudhurika. Walicheka, alisema, wakaenda zao kulima. Watu wakampigia makofi.

Mimi sikupiga. Nimestaafu utumishi wa serikali, na sidai kiti cha mbele katika mkutano wa mtu yeyote. Lakini wazee hao anaowasema niliwaona kwa macho yangu, na shauri la mmoja wao nililitafsiri mimi mwenyewe, neno kwa neno, kwenye baraza ya boma la Arusha. Nitalieleza kama lilivyokuwa, kwa kuwa naona limeanza kuelezwa na watu ambao hawakuwapo.

Nilizaliwa mlimani, katika migomba iliyo juu ya Makumira, kwa Wameru. Serikali ya Kijerumani ilinichukua nikiwa mdogo, ikanipeleka shule ya Tanga, na niliporudi nilikuwa karani wa boma, nikiwa na kanzu nyeupe, kofia, na hati nzuri ya mkono. Kwa kuwa nilikua nikicheza na watoto wa Kiarusha sokoni, nilikijua pia Kimaa, lugha yao, na kwa hiyo siku za shauri niliwekwa kuwa mkalimani. Bwana Mkubwa, yaani Mjerumani aliyeshika wilaya, alikalia kiti chake barazani. Kulia kwake alikaa akida, mtu wa pwani, aliyekabidhiwa kusimamia watu wa upande wa magharibi wa mji. Mimi nilisimama kushoto.

Niseme mapema, ili nisimwonee mtu: mwalimu wangu wa Tanga alikuwa mtu wa pwani, na katika miaka yote niliyokaa mbele yake sikumsikia akilitamka neno lile. Na sisi wa mlimani tulikuwa na majina yetu ya kuwaitia majirani, ambayo sitayaandika hapa. Tofauti ni kwamba majina yetu hayakuwa na boma nyuma yake.

Neno la akida lilikuwa nalo. Shahidi Mwislamu aliapa kwa msahafu, na Mkristo aliapa kwa Biblia. Akaja mtu asiye na kitabu, na akida akasema, "Mshenzi hana kiapo," na Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa. Mtu huyo aliruhusiwa kusema, lakini maneno yake yalichukuliwa kama kelele za barabarani. Sheria hiyo sijapata kuiona imeandikwa mahali popote, na karatasi za boma nilizipanga mimi.

Basi siku moja akaja mzee wa Kiarusha, mtu mrefu mwenye shuka nyekundu na masikio yaliyotogwa, kumdai akida mwenyewe. Mtamba wake mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji alikuwa amepotea malishoni, kisha akaonekana katika zizi la akida kule Levolosi, ambako leo nyumba zimebanana hata huwezi kupitisha mbuzi. Mtamba yule alikwisha kuahidiwa. Ndiye aliyekuwa aongoze mahari ya mwanawe wa kwanza, na wazazi wa binti walikuwa wamemwona, wakampapasa mgongo, wakamkubali yeye na si mwingine.

"Nilimnunua kwa wachungaji waliokuwa wakipita," akasema akida.

"Sikio lake la kushoto limekatwa kwa mkato wa ukoo wetu," akasema mzee, nami nikatafsiri. "Aletwe, litazamwe."

Bwana Mkubwa akauliza nani atathibitisha kuwa mkato ule ni wa ukoo wake. Mzee akajibu kuwa ataapa. Akashuka ngazi za baraza, akachuma majani mabichi, akarudi ameyashika mbele ya kifua. Kwa Waarusha, mtu aliyeshika majani mabichi ameingia katika amani. Akidanganya akiwa ameyashika, amejilaani, na anayemtukana akiwa ameyashika ameuvunja mkutano wote. Rika lake, yaani wanaume waliotahiriwa pamoja naye, walikuwa wamesimama uani, wapata ishirini au zaidi, nao walinyamaza wote kwa pamoja.

Akida akacheka. "Bwana Mkubwa, tazama! Mshenzi huyu ataka kuapa kwa chakula cha mbuzi wake. Na ale basi, tumwone akicheua!"

Askari walicheka. Bwana Mkubwa alitabasamu ndani ya masharubu. Mimi sikutafsiri, wala sikuhitaji kutafsiri, kwa sababu lile lilikuwa neno la Kiswahili ambalo kila Mwarusha alilijua kabla ya kujua neno la kuombea maji.

Mzee aliyalaza majani chini taratibu. Kisha akarudi nyuma, akasimama na wenzake, na msemaji wa rika, mtu mfupi mwenye sauti nzito, akapanda ngazi badala yake.

"Mwana wa mlimani," akaniambia, "mwambie Mzungu tumetukanwa."

Nikamwambia. Bwana Mkubwa akauliza, "Nani ametukanwa?"

"Sisi," akasema msemaji, na wanaume wote wakasogea mbele kwa pamoja.

"Mtu mmoja ndiye aliyeitwa!"

"Mmoja ndiye aliyekuwa na majani. Aliyashika kwa ajili yetu."

Askari mmoja akainua kiboko, Bwana Mkubwa akamzuia, na shauri likaahirishwa hadi siku nyingine ya baraza.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo kijana mwenye tai hawezi kulielewa mpaka aelezwe. Katika mikutano ya Waarusha, tusi likishatamkwa, shauri lililokuwapo husimama mahali lilipo. Hakuna anayeligusa. Kwanza tusi lisafishwe: mkosaji atoe kondoo na pombe ya asali, watu wale pamoja, ndipo wageuke na kuendelea pale pale walipoachia. Kusema habari ya ng'ombe kabla ya hapo ni kukubali kwamba wewe ni kile ulichoitwa. Wazee hao waliamini kuwa baraza ya Mjerumani, kwa kuwa nayo ni baraza, ingefuata njia hiyo hiyo. Hawakuona kuwa kunaweza kuwa na njia nyingine.

Siku ya baraza iliyofuata, mzee akaitwa aendelee na dai lake. Akasimama, akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza tena. Siku iliyofuata hiyo ikawa vivyo hivyo. Mara zote msemaji wa rika ndiye aliyejibu, "Tusi kwanza." Nilimweleza Bwana Mkubwa maana yake, naye akaniambia kwamba boma halikujengwa kwa ajili ya kusikiliza matusi.

Lakini rika lilikuwa na wake, na wake ndio walioleta maziwa. Soko la mbele ya boma likaanza kukonda. Kwanza maziwa, kisha asali, kisha hata ndizi, kwa kuwa Wameru waliokuwa wakipita njia ya Waarusha walionelea ni afadhali wasipite. Mpishi wa Bwana Mkubwa alitumwa kwa Waarusha wa Levolosi na kibuyu, akarudi nacho kikiwa kikavu.

"Wamesema nini?" nikamwuliza.

"Wamesema washenzi hawana ng'ombe, bwana karani. Wamesema niende nikamkame akida."

Kwa sababu ya kahawa isiyo na maziwa, si kwa sababu ya haki, Bwana Mkubwa akaitisha baraza kubwa ya watu wote ili neno lile lijadiliwe. Uani palijaa Waarusha, Wameru, watu wa pwani wenye maduka, na hata mwalimu mmoja wa misheni aliyetembea tangu alfajiri. Huo ndio uliokuwa mjadala wa hadhara, enyi mliokaa ukumbini juzi. Si ninyi mlioanza.

Akida alisema kwanza, naye alisema vizuri, maana alikuwa fasaha. "Bwana Mkubwa, mimi sikutukana. Nilieleza. Mshenzi ni mtu asiye na kitabu, asiye na nguo ya kushonwa, asiyejua mji. Je, huyu ana kitabu? Ana kanzu? Mtu akiitwa mrefu naye ni mrefu, ametukanwa?"

Bwana Mkubwa akaongeza kwa Kiswahili chake, akicheka: "Hata mimi mbwa yangu nasema mbwa shenzi. Yeye hapana lalamika."

Watu wa maduka walicheka sana. Waarusha hawakucheka. Nilipotafsiri maneno hayo kwa Kimaa nililazimika kuyarudia. Nimetumikia serikali mbili, nimesoma barua nyingi za dharau zilizoandikwa kwa wino mzuri, lakini sijapata kusikia tena mtu mwenye mamlaka akiueleza ukweli wa neno lile waziwazi namna hiyo. Alikuwa na neno moja kwa mbwa na kwa mzee, na hakuona haya.

Mwalimu wa misheni akasema kuwa binadamu wote wameumbwa na mmoja, na akaambiwa aketi.

Ndipo msemaji wa rika akapanda ngazi. Hakumtazama Bwana Mkubwa, alimtazama akida. "Mwulize, baba yake naye angemwita hivyo?"

"Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani!" akida akafoka.

"Vema. Na baba wa baba yake?"

"Alikuwa mtu wa... alitoka bara, akasilimu."

"Ahaa!" Uani pakaanza kuchangamka. "Mwambie asiishie hapo. Apande tena, babu kwa babu. Akifika juu atatukuta sisi tunachunga, na tutampa maziwa."

Waarusha walicheka mpaka wengine wakashika magoti, na hata muuza duka mmoja wa pwani alificha uso kwa kilemba chake. Akida aliona vibaya kuliko kama angepigwa. Bwana Mkubwa, aliyechoka na jua na kahawa nyeusi, akakata neno: akida atoe kondoo, atoe na pombe, na maziwa yarudi sokoni.

Kondoo alichinjwa kwenye nyasi za nje ya boma. Walikula, wakapakana mafuta ya kondoo, pombe ya asali ikazunguka, na akida alikunywa funda moja kama mtu anayekunywa dawa. Nilikuwapo. Mzee mwenye mtamba alikuwa amechangamka sana, akanishika bega akasema, "Mwana wa mlimani, leo ndiyo siku." Akachuma majani mabichi mengine, akapanda ngazi akiwa ameyashika kifuani, rika lote nyuma yake.

"Sasa," akasema, "tuzungumze habari za ng'ombe."

Bwana Mkubwa alikuwa amekwisha kuinuka. "Ng'ombe gani?"

Nikamkumbusha. Akasema kwa Kijerumani kuwa shauri lile lilikwisha, kwa maana mdai aliitwa siku mbili za baraza akakataa kusema, na mdai akikataa kusema ameliacha dai lake. Ng'ombe ni wa akida.

Nikasema, "Bwana Mkubwa, hakuliacha. Alikuwa akingoja zamu yake."

Akanitazama. "Karani, umeulizwa?"

"Sikuulizwa, Bwana Mkubwa."

"Basi."

Nilitafsiri. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba niseme tena, akidhani nimekosea. Niliporudia, aliwatazama wenzake kana kwamba mmoja wao angecheka na kuonyesha kuwa ni utani. Majani yalikuwa bado mkononi mwake. Akashuka nayo ngazi, na sikuona alipoyaweka.

Mtamba yule alizaa katika zizi la Levolosi, akazaa tena. Binti aliolewa kwingine, kwa watu waliokuwa na ng'ombe wa kuonyesha. Kijana aliyekuwa amuoe akaenda kufanya kazi katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja chini ya mlima, na huko kila asubuhi nyapara aliwapanga mstari na kuwahesabu akiwaita kwa neno lile lile, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi kuliko kujifunza majina. Hayo ndiyo "hawakudhurika" ya kijana mwenye tai.

Mzee nilikuwa nikikutana naye, hata baada ya Wajerumani kuondoka, kwenye njia ipitayo upande ambao sasa unaitwa Sakina, akiwa na fimbo yake na mbuzi wachache. Nilimwamkia kwa heshima kama baba yangu. Aliitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kisha, kila mara, bila hasira na bila kupandisha sauti, kama mtu anayeuliza habari ya jambo lililo njiani, aliniuliza:

"Na shauri langu, mwana wa mlimani? Limefika wapi? Tusi tulilimaliza. Wataniita lini?"