Bampa Lililobonyea

Juzi hapa Songea nilikuwa kwa fundi anayefungua vifaa kwenye magari ya porini yaliyokufa na kuviuza tena. Dereva mmoja alikuwa akikagua bampa la chuma lililobonyea katikati.

"Hili limetoka kwenye ajali," akasema, akaondoa mkono haraka. "Lina mkosi."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akasogea akalishika pale lilipobonyea.

"Kaka, hili lilikuwa la gari letu. Tuligonga mti kule Matogoro nikiwa na mimba ya huyu. Lenyewe likabonyea, sisi tukatoka wazima."

Fundi alikuwa ameshainua nyundo ili alinyooshe. Dereva akamzuia. "Acha. Nifungie hivyo hivyo."

Tukinunua kitu kilichotumika, huuliza kimechakaa kiasi gani. Kimemfaa nani, hatuulizi.